Pesa Iliyoshukia Ghorofa ya Chini

3 Machi

Mvua imeanza leo, nikiwa kwenye foleni ya duka la kubadilishia fedha. Ilipiga bati ghafla, sote tukainua vichwa. Nilipoyarudisha macho ubaoni, bwana wa dirishani alikuwa amefuta bei ya pesa ya kwetu na kuandika nyingine, ndogo kidogo. Watu waliendelea kuongea habari za mvua.

Mimi na Mzee wangu tunaishi nchi hii kwa pensheni mbili zinazotoka kwetu. Mimi nilikuwa mpiga picha za eksirei hospitalini mpaka mgongo ukagoma. Yeye alikuwa fundi wa lifti. Maisha yote tulikaa nyumba za kazi, kwa hiyo siku ya kustaafu tulijikuta hatuna hata dirisha letu wenyewe. Tukahamia huku, maana pesa yetu ilikuwa na nguvu huku, na kuna daktari wa macho anayesifiwa. Mzee ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Huwa anawaambia watu: "Mungu hakutujalia mtoto wa kuzaa, akanipa mapacha wa machoni." Tulipofika alikuwa bado anaona vivuli. Sasa anaona mwanga na giza tu.

Daktari alikataa kumpasua mpaka sukari ishuke. Imeshuka. Tumepewa tarehe katikati ya mwezi wa tano. Fedha ya upasuaji ipo: ni kiinua mgongo chake, tulikiacha benki kwetu ili kizae kidogo.

Nilibadilisha pensheni nikarudi na mwavuli uliopinduka.

4 Machi

Mvua. Mzee amekaa dirishani akisikiliza mifereji. Anasema wa upande wa kulia umeziba. Nimekwenda kuangalia, kweli umeziba.

9 Machi

Nimekutana na Bwana Posta sokoni. Ni mtu wa kwetu, alistaafu posta, anakaa peke yake mtaa wa nyuma. Kila tukionana huniuliza habari za nyumbani kama vile nimetoka huko asubuhi.

"Umeona ubao?" akaniuliza.

"Nimeona. Itapanda tena."

"Inshallah. Ila mimi nimeacha sukari kwenye chai. Nimeanza mapema, nisije nikafumaniwa."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

12 Machi

Imeshuka tena. Si sana.

18 Machi

Sasa napita dukani kila asubuhi hata kama sina cha kubadilisha. Nasimama ng'ambo ya barabara, nasoma tarakimu, naondoka. Nikirudi, Mzee hageuzi hata kichwa, ananiuliza tu: "Ghorofa ya ngapi leo?" Ndivyo anavyosema fundi wa lifti. Nikimwambia imeshuka, anasema lifti nzuri ina breki, tusubiri.

Jambo hili linanistaajabisha kiasi kwamba siwezi kulieleza vizuri. Hakuna aliyeingia chumbani mwetu akachukua kitu. Pensheni ni ileile, noti kwa noti, na barua ya benki ni ileile. Lakini mahali fulani watu nisiowajua wamesema jambo, na hapa mezani kwangu nyama imekuwa mara moja kwa wiki. Nilifanya kazi miaka mingi na miali isiyoonekana inayopita katika mwili wa mtu asihisi kitu. Wagonjwa walikuwa wakiniuliza, "Tayari?" Nawaambia tayari. Wanashangaa. Leo mimi ndiye nimelala juu ya kile kitanda.

26 Machi

Huyu mwenye nyumba wetu ana furaha ya nini?

Yeye anakaa chini, sisi juu. Ni mshona mapazia, mjane, sauti yake nzito kama ya msimamizi wa bandari. Tunamwita Komeo, kwa siri, kwa sababu jua likizama tu unasikia komeo la mlango wa nje, kwa! Tangu tuhamie sijawahi kumsikia akiimba. Wiki hii anaimba. Jana wameleta cherehani mpya ya umeme, wanaume wawili wameibeba kwa tahadhari kama maiti ya mkubwa. Akaniona ngazini.

"Dada, Mungu amenifungulia," akasema.

"Alhamdulillahi," nikajibu, huku mkononi nina mfuko wa dagaa wa kula siku tatu.

Nimeona haya kwa namna nilivyokasirika. Furaha ya jirani haikunipunguzia kitu. Hata hivyo nimekasirika.

2 Aprili

Siku ambayo sitaisahau.

Nilifika dukani asubuhi kubadilisha pensheni. Ubao ulikuwa na bei za pesa zote isipokuwa yetu. Mahali pake palikuwa peupe, pamefutwa kwa kitambaa kibichi, alama za maji bado zinaonekana. Bwana wa dirishani akaniambia kwa upole, "Mama, subiri kidogo. Jana usiku serikali ya kwenu imeacha kuishikilia bei ya pesa, imeiachia ielee. Na sisi tunangoja kujua itaelea wapi."

Tulingoja watu saba au wanane, wote wa kwetu, wengi sikuwahi kuwajua. Mwalimu mmoja mstaafu, mume na mke wenye duka la vitambaa, Bwana Posta na kofia yake. Mvua nje ilikuwa kubwa hata barabara haionekani. Hakuna aliyezungumza. Nimewahi kuona ukimya wa aina hiyo mahali pamoja tu, hospitalini, familia inapongoja daktari atoke.

Simu ya dirishani ikalia. Yule bwana akasikiliza, akachukua kalamu, akaandika. Akakaa anaitazama tarakimu yake mwenyewe, akaikagua kwa simu tena, maana aliona kama amekosea.

Hakukosea. Zaidi ya theluthi moja ya kila tulichonacho ilikuwa imeondoka wakati tumelala.

Nilitegemea kulia. Nilichokipata ni kitu kingine, kama mtu aliyesimama chini ya mlima kwa mara ya kwanza. Nikafikiria wastaafu wote wa kwetu waliotapakaa dunia nzima, kila mmoja na chumba chake na dawa zake, na wote kwa dakika ileile, kwa kalamu ya mtu mmoja mmoja kwenye madirisha mbalimbali, wamekuwa maskini zaidi. Ni nguvu gani hiyo? Ingekuwa tetemeko, tungetoka nje tushikane mikono.

Mzee aliposikia hatua zangu ngazini hakuuliza ghorofa ya ngapi. Alisema, "Kaa, bibie. Nimeshasikia kwenye redio."

"Kiinua mgongo hakitoshi tena," nikamwambia.

"Hata jicho moja?"

"Hata jicho moja."

Kisha akasema, "Basi mapacha wamepata muda wa kukua," akatabasamu kuelekea upande ambao sikuwapo.

6 Aprili

Bwana Posta amerudi nyumbani. Tulimsindikiza kituo cha mabasi. Sanduku moja, kiti kimoja cha kukunja. Ana mpwa wake atakayempa chumba.

"Nilikuja huku nizeeke kama bwana," alisema. "Nimezeeka vizuri. Sasa narudi kuwa mjomba."

Mzee alimshika mkono akakataa kuuachia mpaka dereva akapiga honi. Kurudi tulitembea taratibu kwenye matope. Hakuna mpwa anayetungoja sisi.

9 Aprili

Nimeandika na kufuta. Sasa naandika tena.

Mchana mwenye nyumba alinikaribisha ndani, mara ya kwanza. Alitaka nimshikie pindo la pazia refu la hoteli, alipime. Chumba chake ni safi, vitambaa kila mahali, na ukutani picha ya msichana amevaa koti jeupe.

"Binti yangu," akasema. "Anasomea ufamasia. Mwaka wa tatu sasa." Akataja nchi anakosoma.

Ni kwetu. Akataja mji. Ni mji wetu. Chuo chenyewe kinatazamana na hospitali niliyofanyia kazi. Ujana wangu wote nimevuka ile barabara.

Nilitaka kumwambia, moyo umenijaa, lakini yeye alikuwa bado anaendelea, na pini mdomoni. "Ada yake imenitoa roho, dada. Nimeshona mpaka vidole vimepinda. Sasa Mungu si Athumani. Pesa ya kule imeanguka. Ada ile ile ninailipa kwa pesa kidogo huku. Ndiyo nikapata cherehani. Bado sijaamini. Nikiamka usiku naenda kuigusa."

Nilishika lile pindo. Nilipomaliza nikapanda juu, nikakaa kitandani.

Kumbe haikupotea. Wiki nzima nimekuwa nikijiuliza ilikokwenda, na ilikuwa imeteremka ngazi kumi na mbili, iko chini ya sakafu yangu inashona mapazia. Kufa kufaana. Nimelitamka neno hilo peke yangu, na lilikuwa chungu.

10 Aprili

Sijamwambia Mzee.

13 Aprili

Nimemwambia. Nilidhani atakasirika kama mimi. Alianza kucheka, polepole, mabega yanatikisika, hadi akajifuta macho yake yasiyoona.

"Unacheka nini?"

"Bibie, lifti haishuki peke yake. Upande wa pili wa kamba kuna uzito, kikishuka chumba, ule unapanda. Nimewaeleza watu hilo miaka arobaini. Na bado nimeketi hapa mwezi mzima najiuliza nani amepanda."

"Kwa hiyo tufurahi?"

"Sijasema tufurahi. Nasema angalau tunamjua."

17 Aprili

Kodi ya mwezi huu imemaliza kila kitu. Tumeamua kuhama. Kuna chumba kimoja nyuma ya karakana ya matairi, kinavuja lakini ni nafuu. Nikashuka kumuaga mwenye nyumba kama ustaarabu unavyotaka. Mzee alisema naye anakuja, akashika ukuta, akashuka ngazi moja moja nyuma yangu.

Mwenye nyumba alizima cherehani. "Mnahama? Nimewakosea nini?"

"Hujatukosea, dada. Kodi imetushinda."

"Sijapandisha kodi."

"Hukupandisha. Sisi ndio tumeshuka. Tunakula pensheni ya kwetu, na pesa ya kwetu unajua ilivyoanguka."

"Ya kwenu wapi?"

Nikamtajia.

Aliketi. Hakuketi kwenye kiti, aliketi juu ya robota la vitambaa. Alinitazama, akamtazama Mzee, akaitazama picha ya binti yake. Niliona anavyolipanga jambo kichwani, kipande kwa kipande, kama anavyopanga pazia.

"Nikakuambia wewe," akasema taratibu. "Nikakuambia Mungu amenifungulia. Na wewe umenishikia pindo."

"Hukujua."

"Na upasuaji wa shemeji?"

"Umesogea mbele," Mzee akajibu. "Daktari yupo, macho yapo. Hakuna haraka."

"Usinidanganye, shemeji. Nasikia unavyojigonga mezani usiku." Akanyanyuka, akatembea hadi mlangoni akarudi. "Kiinua mgongo chenu kiko benki kule kule?"

"Kiko."

"Na mimi mwezi ujao natakiwa kulipa ada ya mwaka mzima, kule kule. Fedha ninayo hapa, nimeiweka. Kwa nini fedha yenu ivuke mpaka kuja huku ikatwe mabawa, na yangu ivuke kwenda kule, zikipishana njiani kama wajinga wawili? Yenu imlipie mwanangu. Yangu imlipie shemeji macho. Na pensheni ya kila mwezi mpeni binti yangu ya kula, mimi nitakata kodi kwenye thamani yake huku, na kinachobaki nitawapa mkononi."

Jambo rahisi hivyo. Tumekaa juu na chini mwaka na nusu.

"Kwa bei ipi?" Mzee akauliza. Fundi ni fundi.

"Ile ya siku mliyohamia."

"Haiwezekani," akasema Mzee. "Hiyo bei imekufa. Tutumie ya ubaoni leo."

"Ya leo ni wizi."

"Si wizi, ndiyo bei."

"Shemeji, nyumba hii ni yangu. Nasema ya zamani."

"Na fedha ni yangu. Ukitupa sisi faida yote, miezi sita tu utatuchoka. Utatusikia tunatembea juu ukaanza kuhesabu hatua."

Sijapata kusikia mabishano kama hayo maishani. Sokoni kila mtu huvutia kwake. Hawa walikuwa wanasukumiana, kila mmoja ananuna kwa sababu mwenzake hataki kumnyonya. Mvua inapiga, umeme umekatika, na mimi katikati nimeshika taa ya simu nawamulika mmoja baada ya mwingine.

Mwishowe nikasema, "Katikati. Chukueni ya siku tuliyohamia na ya leo, mkutane katikati, na iwe hiyo hiyo mpaka mtoto amalize chuo, ubao useme usemavyo."

Mwenye nyumba akanyoosha mkono. Mzee hakuuona. Nikauchukua wake nikauweka ndani ya wa yule mama.

Nimepanda juu. Serikali nzima imeshindwa kuishikilia bei ile isianguke, na watu watatu wameisimamisha kwenye chumba cha mapazia.

18 Aprili

Jua kidogo. Nimefua.

25 Aprili

Ada tumeilipa kwa simu, kutoka benki yetu hadi chuoni. Jioni binti akapiga. Mama yake akatupandishia simu juu.

"Shikamoo, mama mkubwa," akasema. Ni sahihi, kama mama yake ananiita dada. Lakini hakuna aliyewahi kuniita hivyo, na ilinichukua muda kuitikia.

"Marahaba, mwanangu. Uko wapi sasa hivi?"

"Nimekaa kwenye ngazi za maktaba. Naiona hospitali yenu. Wamepaka rangi upya, ya samawati."

Nikamwomba aniambie kama mlango wa pembeni, wa chumba cha eksirei, bado una kizingiti kilichovunjika. Akavuka barabara, nasikia magari, nasikia anahema. Akasema, "Kipo, mama mkubwa. Nimejikwaa sasa hivi."

Mzee akaomba simu. "Sisi ni wazazi wako wa ghorofa ya juu," akamwambia. "Ukifeli, tutashuka." Yule binti akacheka mpaka nikamsikia toka nilipokaa.

3 Mei

Usiku sikulala. Jana ubaoni pesa yetu imeanguka tena, vibaya. Ada ya binti tayari imelipwa kwa fedha yetu. Mwenye nyumba angengoja wiki moja tu, angeilipa kwa nusu ya anachotudai sasa kumpa. Samahani, nimeandika kinyume: kwa nusu ya anachotakiwa kutupa. Ndivyo kichwa kilivyo. Hatukuandikiana hata karatasi. Nililala nikimsikia chini anatembea, cherehani kimya.

Nikawaza: mtu ni mtu. Hata mimi ningejikuna kichwa.

Kabla sijachemsha chai mlango ukagongwa. Alikuwa amejifunga kanga ya kulalia, bahasha mkononi.

"Nimechelewa," akasema. "Jana nilikwenda benki, foleni ikanishinda. Hesabu hapa hapa."

"Umeona ubao?" nikamuuliza. Sikuweza kujizuia.

"Ubao gani?" akasema, akageuka kushuka. Fedha zilikuwa kamili, kwa bei yetu ya katikati.

Naliandika hili polepole nilione vizuri. Alijua. Mtu anayetuma fedha nje kwa miaka mitatu hapitwi na ubao. Miaka mingi nimetazama ndani ya watu, mifupa, mapafu, moyo kama kivuli cha embe. Sikuwahi kuona mahali jambo kama hili linapokaa.

Sitamwita tena jina lile la Komeo, hata kwa siri.

14 Mei

Kesho. Mzee ameoga mara mbili.

15 Mei

Wamempasua jicho la kulia. Haikuchukua hata muda wa kuivisha maharage. Nilikaa kwenye benchi na mwenye nyumba. Amefunga kazi siku nzima, hoteli ingoje. Alinishika mkono kwa vidole vyake vilivyopinda, akawa anauminya kila mlango ukifunguka.

Daktari akatoka, akasema, "Alikuwa amekomaa sana, huyo mtoto wa jicho. Lakini ametoka mzima." Mzee amerudi na kitambaa jichoni, anaulizia chakula.

16 Mei

Wamefungua.

Nilisimama mbele yake nikaogopa. Ni miaka mitatu hajaniona. Alipepesa, machozi yakamtiririka, akanitazama. Alinitazama muda mrefu sana.

"Nani amekuzeesha hivi?" akasema.

"Wewe."

"Basi nimefanya kazi nzuri," akasema, akanishika shavu, akawa anapitisha kidole kwenye kila mkunjo, na jicho lake linakifuata kile kidole.

Njia nzima alikuwa anasimama. Dimbwi lenye mafuta ya gari, rangi zake. Waya wa umeme wenye matone. Nilimwambia twende, utalowa. Akasema, "Ngoja kidogo, niache."

18 Mei

Mvua zinaisha, zinakuja na kuondoka.

Leo ameshuka ngazi peke yake. Nilimfuata nyuma, mikono tayari, hakuihitaji. Mlango wa mwenye nyumba ulikuwa wazi, yupo kwenye cherehani, kichwa chini.

Mzee akasimama mlangoni, hakubisha hodi. Ndipo nikakumbuka kwamba hajawahi kumwona. Amemjua kwa sauti tu, ile sauti nzito, na mara zote alidhani ni mwanamke wa kuinama akipita mlangoni. Aliyeketi pale ni mdogo, miguu yake haifiki sakafuni vizuri, ameweka kibao chini ya kanyagio.

Yule mama akainua uso. "Shemeji. Mbona umesimama? Unatafuta nini?"

"Sitafuti," akasema Mzee. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeingia mahali pa ibada. "Wewe ndiye uliyekuwa unabishana nami siku ile?"

"Mimi ndiye."

"Mdogo hivi?"

"Ndivyo nilivyoumbwa. Karibu ukae."

"Nitakaa. Acha kwanza nikuone."

Nilidhani yule mama atacheka, au atamfukuza ili aendelee na kazi yake. Alizima cherehani. Akaweka mikono juu ya magoti, akanyoosha mgongo kidogo, akatulia, akajiachia atazamwe.